Naomba ushauri: Hagler na Leonard 1987, raundi za kubishaniwa mnazipaje pointi?

Habari zenu wanajamvi. Nimekwama kwenye pambano la ndondi la Marvin Hagler na Sugar Ray Leonard la Aprili 6, 1987, raundi 12. Majaji wawili walimpa Leonard, 118-110 na 115-113, wa tatu akampa Hagler 115-113. Hiyo 118-110 naiweka pembeni, Leonard kushinda raundi 10 na Hagler 2 sizioni kabisa.

Nimeangalia mara mbili bila sauti, maana watangazaji wanapotosha, nikiandika 10-9 (10 kwa aliyeshinda raundi, 9 kwa aliyeshindwa) kila kengele ya kumaliza raundi inapolia. Mara ya kwanza Hagler 115-113, ya pili sare 114-114. Raundi za mwanzo hazinisumbui: Hagler alianza kwa kutanguliza mkono wa kushoto badala ya mtindo wake wa kutanguliza wa kulia, akazitupa bure. Tatizo ni Leonard kufyatua ngumi za harakaharaka sekunde za mwisho wa raundi. Nyingi zinaishia kwenye glavu na mikono, ila ukumbi unalipuka.

Naomba msaada:
Ngumi zilizokingwa mnazihesabu, au mnampa aliyesonga mbele na kupiga mwilini?
Na raundi ya 9, Leonard akiwa amebanwa kona halafu anajibu, mnampa nani?