Bolivian Rainbow, NuMex Twilight au Fish: ipi inafaa kwa anayeanzia kwenye mbegu?

Mpenda Vyungu
Wakuu, nataka kulea pilipili kali za rangi rangi kuanzia mbegu. Penye jua kwangu panaenea vyungu vichache tu. Nimebakiza aina tatu: Bolivian Rainbow, NuMex Twilight na Fish. Nataka rangi, nataka za kula, na msimu ujao nisie mbegu zangu mwenyewe. Waliozilea, nichukue ipi?

Bi Kitalu
Kwa vyungu chukua Twilight. Ilitolewa na Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico, Marekani, ikiwa pilipili ya urembo: mmea mfupi, umeshonana, vitunda vimesimama wima juu ya majani. Tunda huanza zambarau, likaingia njano, kisha rangi ya chungwa, likamalizia jekundu. Kwa kuwa hayaivi kwa pamoja, rangi zote nne unaziona kwenye tawi moja.

Bolivian Rainbow hupita hatua hizo hizo, ila hurefuka zaidi na zambarau yake imeingia mpaka kwenye maua na majani. Ni nzuri mno, lakini kwenye chungu kidogo hunyauka upesi ukichelewa kumwagilia.

Mzee wa Mboji
Sikupingi dada, ila pima jua kwanza. Zambarau ya pilipili inatokana na anthosayanini, yaani rangi ya asili ya mmea, na mmea huitengeneza vizuri ukipigwa na jua. Bolivian Rainbow iliyokaa kivulini majani yake hubaki kijani na tunda hufifia, halafu watu wanasema wameuziwa mbegu feki.

Na usivune kwa pupa. Tunda la zambarau bado changa: kali tayari, lakini ladha yake ni ya ubichi. Likiwa jekundu ndipo utamu unapoingia.

Chipukizi
Fish haina mtetezi humu? Majani yana mabaka meupe, tunda changa lina rangi ya maziwa na michirizi ya kijani. Ni mbegu ya Wamarekani weusi wa eneo la Ghuba ya Chesapeake. Ilikaribia kupotea, ikaokolewa na mbegu ambazo mchoraji Horace Pippin alimpa mfugaji nyuki H. Ralph Weaver katika miaka ya 1940. Mimi naipanda kwa ajili ya historia hiyo kama ninavyoipanda kwa ajili ya kula.

Sia nyingi kuliko unazohitaji. Kuna miche hutoka kijani kitupu, na ile yenye weupe mwingi mno hudumaa kwa kukosa klorofili, ile rangi ya kijani ambayo mmea hutumia kujitengenezea chakula kwa mwanga. Bakiza yenye mabaka ya wastani.

Mpenda Vyungu
Asante sana. Na kuotesha je? Nisie kwenye trei, au kwenye karatasi yenye unyevu kwanza?

Bi Kitalu
Zote tatu ni spishi moja ya pilipili, Capsicum annuum, kwa hiyo hazipishani katika kuotesha. Karatasi inakuonyesha mapema mbegu ipi hai, lakini mzizi ukishajishika kwenye nyuzi za karatasi utaukata wakati wa kuhamisha. Mimi ni wa trei: udongo mwepesi uliochujwa, kina cha nusu sentimita hivi, joto la nyuzi 25 hadi 30. Hapo tegemea kuota ndani ya wiki moja au mbili. Kwenye baridi huchelewa sana, na ukizidisha maji zinaoza.

Zikichomoza tu, zipe mwanga wa kutosha zisirefuke na kulegea. Mwagilia kwa chini na uache uso wa udongo ukauke kidogo. Kinyausi, ugonjwa wa miche unaoletwa na unyevu mwingi, hukata shina usawa wa udongo, na mche ulioanguka hivyo hausimami tena.

Mpenda Vyungu
Nikiweka Twilight na Fish karibu, mbegu si zitachanganyika?

Mzee wa Mboji
Zinaweza. Pilipili hujichavusha yenyewe, ila nyuki hubeba chavua kutoka mmea hadi mmea, na hizi ni spishi moja. Tunda la mwaka huu halibadiliki; mchanganyiko utauona kwenye miche ya mbegu zake.

Funika tawi lenye vitumba kwa kifuko cha chandarua kabla ya maua kufunguka. Litikise taratibu kila siku yakishafunguka. Vitunda vikishika, toa kifuko na ufunge uzi kwenye vikonyo vyake. Mbegu chukua kwenye hayo ya uzi tu, yakishaiva mekundu kabisa, uzikaushe kivulini.