Majani ya ng'ombe imepanda sana Goma, maziwa nayo inashuka. Niuzishe ng'ombe ya kwanza ya papa?

Mutoto_wa_Lac_Vert:
Bandugu, bamama na bapapa wote wenye kufuga, salamu sana. Niko Goma, upande wa Lac Vert, nachunga ng'ombe 4 za mama yetu tangu papa alitutoka. Mbili ni kruaze, yaani zimechanganywa na frizoni, ng'ombe ya kizungu ya maziwa, hizo ndio zinakamuliwa. Moja ni mutamba mwenye mimba ya miezi 6 na ya ine ni Ankole (ng'ombe ya kwetu ya pembe ndefu) muzee, imekauka, haitoi kitu. Fasi ya kuchunga hakuna, kwetu kote ni mawe ya volkano na manyumba, kwa hiyo kila kitu nanunua, majani inatoka Sake ama Kibumba ku chukudu (kama baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo).

Shida ni hii. Wakati wa mvua fungu moja ya matete nilikuwa nalipa franga 700, sasa tuko mwezi wa 7 na fungu ni 1500, tena naona bamepunguza kamba, fungu imekonda. Nanunua fungu 10 kila siku, tatu tatu kwa zile za kukamua, mbili mbili kwa zingine, ni 15000. Maziwa mbele nilikuwa napata litri 17, leo ni 10. Litri 6 anakamata muchuuzi wa maziwa kwa 1500, 4 nauzishia majirani kwa 2000. Piga hesabu, ni 17000. Inabaki 2000 ya chumvi, dawa ya kupe na maji ya bidoni, na hiyo ni kama mutoto hakugonjwa mu nyumba.

Muntu mumoja wa Sake ananiambia iko na majani makavu, boti (mzigo uliokandamizwa na kufungwa kamba) ya kilo 15 kwa 5000. Naona ni bei sana. Rafiki mwengine anasema uzisha Ankole, lisha zenye kutoa. Lakini ile Ankole ni ng'ombe ya kwanza papa alinunua, mama akisikia jambo hiyo ananyamaza siku nzima. Nifanye nini? Naomba musaada ya kweli.

Mama_Furaha_Bkv:
Pole sana mwanangu, na Mungu akubariki kwa kusimama na mama. Huku Bukavu hali ni ileile, sisi ba Kabare tuko na mashamba madogo madogo, ng'ombe inalala mu kiraro mwaka muzima. Mimi ilinisaidia makapi ya bia na majani ya viazi vitamu. Usisahau pia maharagwe, mwezi wa 6 na wa 7 bantu banavuna, bale mabua na maganda yake banachoma ama banatupa, wewe enda na gunia uombe. Ng'ombe inapenda sana, kuliko hata mabua ya muhindi.
Migomba nayo kata umupe, lakini usidanganyike na ukubwa wake, ni maji matupu mule ndani.

Mufugaji_Mushaki:
Uzisha zile kruaze ubaki na Ankole, mimi nasema hivyo na nitarudilia. Frizoni inataka kula kama mugeni, kupe ikimuuma kidogo tu amekufa na teileriozi, ule ugonjwa wa kupe. Ankole anavumilia njaa, anavumilia jua. Huku milima ya Masisi tumepoteza ng'ombe mingi ku vita, bale walibaki na Ankole ndio walianza tena.

Dokta_wa_Mifugo:
Kaka wa Mushaki, unachosema kuhusu kupe ni kweli kabisa, lakini kijana hachungi mlimani, analipa kila jani. Ng'ombe anayetoa litri 2 na anayetoa litri 8 wote wanamulipisha, ni nani atakayemurudishia pesa?

Kijana, mbele ya yote nijibu maswali 2. Fungu moja ina kilo ngapi? Usikadirie, tafuta mizani ya soko upime. Na ng'ombe anakunywa bidoni ngapi kwa siku? Umetuambia mambo ya majani mengi, ya maji umepita mbio.

Mutoto_wa_Lac_Vert:
Dokta aksanti kwa kujibu. Nimeazima mizani kwa mama mwenye kuuzisha makaa. Nimepima fungu zote 10 za leo asubui: ndogo ilikuwa kilo 9, kubwa 14, nyingi ziko 11 hivi. Maji nawapa nusu bidoni asubui na nusu mangaribi, kila mumoja. Ku robine yetu maji inaweza kukosa siku tatu, tunanunua kwa wenye kuchota ku ziwa, njo maana napima.

Dokta_wa_Mifugo:
Sasa tuko na kitu cha kushika. Tuseme ng'ombe yako ya kukamua ina kilo 350. Anahitaji kama kilo 10 ya chakula kikavu kwa siku, yaani chakula ukikitoa maji yote. Matete mbichi, katika kilo 100, karibu 80 ni maji. Wewe unampa fungu 3, ni kilo 33, ukitoa maji inabaki 6 na nusu. Huyo ng'ombe analala njaa, na maziwa anakutolea ku mwili wake mwenyewe, mutazame mbavu na nyonga utaona.

Tupige sasa bei kwa njia hiyohiyo. Fungu ya 1500 ina kilo 2 na kidogo za chakula chenyewe, kilo moja inakutokea karibu 680. Ile boti ya Sake ya kilo 15 iko na maji kidogo sana, chakula ndani ni kilo 12 na zaidi, kwa 5000 kilo moja ni kama 400. Ile unaita bei sana ndio rahisi.

Lakini fungua boti katikati mbele ya kulipa. Ikiwa ndani ni ya kijani kibichi, iko na majani mengi kuliko vijiti, na inanusa vizuri, chukua. Ikiwa nyeusi, iko na vumbi nyeupe ya kuvu, ama ni mabua matupu ya matete yaliyozeeka, acha hata akikupa kwa 2000. Na usigeuze chakula siku moja, anza na kidogo, uchanganye nusu mbichi nusu kavu kwa juma moja na kuendelea.

Maji usimpimie. Ndoo isikauke, hata usiku. Maziwa karibu yote ni maji, katika litri 100 ni 87. Ng'ombe anayekamuliwa na kula majani makavu anaweza kukunywa litri 40 mpaka 60. Nusu bidoni mara mbili ni litri 20 tu, kabla hujaanza na majani kavu maji ndio ya kwanza.

Kijana_wa_Kafubu:
Mimi niko Lubumbashi. Huku mvua inakatika mwezi wa 4 inarudi wa 10 ama wa 11, kwa hiyo wenye kungoja kiangazi ndio waanze kutafuta majani wanauzisha ng'ombe yote, sisi tunakata mwezi wa 3 na wa 4. Kata majani kabla hayajatoa maua, ukingoja maua unabeba vijiti. Anika siku 2 ama 3, geuza mara mbili kwa siku. Kamata ngumi moja usokote, kama inatoa unyevu bado, ukifunga hivyo itaoza, ama itapata moto ndani mpaka iwake. Sisi hatuna mashini, tuko na kisanduku cha mbao wazi juu na chini, urefu mita 1, upana sentimita 50, kimo 40, unakanyaga na miguu unafunga na kamba, boti inatoka kilo 15 mpaka 20.

Mufugaji_Mushaki:
Hiyo ya kuanika kwetu ni ngumu kaka, huku juu ukungu na mvua karibu kila mwezi. Sisi wengine tunakatakata matete kidogo kidogo, tunanyunyizia melasi (maji mazito ya sukari ya miwa) ama unga kidogo wa muhindi, tunakandamiza mu gunia ya plastiki mpaka hewa itoke yote, tunafunga. Mwezi moja ukifungua inanusa kama matunda yaliyochacha. Ikinusa mavi umekosea, hewa iliingia.
Na juu ya maziwa, kijana usifikirie fromaji (jibini) kwa litri 10, inataka litri kama 10 kwa kilo moja tu, mu muji maziwa mbichi kwa majirani ndio inalipa. Hizo 6 za muchuuzi utafute nyumba zingine.

Dada_Neema:
Kitu moja hamujasema. Majani unayaweka wapi? Kama unatupa chini, sehemu kubwa anakanyaga na kukojolea, umelipa 1500 ya mbolea. Mimi nilitengeneza hori ya mbao za zamani na nikaanza kukatakata na panga. Fungu zilezile zikaanza kubaki mpaka asubui.

Mutoto_wa_Lac_Vert:
Narudi kisha siku 6. Dada Neema, nilikuwa natupa chini, ni kweli. Sasa iko hori. Maji nilianza kuacha ndoo imejaa, mutoto wa mutaa ananiletea bidoni 4 zaidi kila siku, inaniuma mufuko lakini jana nilikamua litri 11 na nusu, na sijabadilisha bado majani.

Nilienda Sake. Nilifungua boti 3, moja ilikuwa nyeusi ndani nikairudisha, muzee mwenyewe hakukasirika. Tulikubaliana 4500 nikikamata 20.

Ya Ankole nilimwambia mama. Nilimuonyesha hesabu yote ku karatasi. Alisoma pole pole kisha akasema, "Huyu hauzishwi mbele ya mutamba kuzaa." Akaenda ku AVEC yake (kikundi cha kuweka na kukopeshana pesa), akarudi jioni na 90000 ya deni, miezi 3. Sijui kama nilifanya vizuri kumwingiza mu deni.

Mama_Furaha_Bkv:
Mwanangu, mama ameamua na ng'ombe ni zake. Wewe andika kila siku litri na pesa mu kaye (daftari), umusomee kila juma. Hapo hatakuwa na woga.

Dokta_wa_Mifugo:
Mama amesema vizuri. Muambie mama kwamba Ankole asiyetoa haitaji fungu nzima nzima, mabua ya muhindi na maharagwe yanamtosha pamoja na chumvi, hivyo anabaki na hali chakula cha wengine. Mutamba usimpunguzie, miezi hii 3 ya mwisho ndama ndio anakua.

Mbele ya yote usinunue 20 kwa mara moja. Chukua 10, lisha siku 8, pima maziwa. Ikipanda, rudia. Na mwezi wa 5 wa mwaka kesho, fungu ikiwa tena 700, fungu 6 mbichi ndio boti moja ya kilo 15, ni 4200, utaanika mwenyewe.

Mutoto_wa_Lac_Vert:
Sawa dokta, 10. Nyumba yetu haina stoo, niko na kibanda cha mabati tu, chini ni mawe. Inafaa?

Dokta_wa_Mifugo:
Inafaa. Panga mbao chini kwanza, boti zisiguse mawe wala bati, acha nafasi ya mkono pande zote upepo upite. Na panya wako, weka paka.

Mutoto_wa_Lac_Vert:
Mbao nazipata kwa jirani mwenye kujenga. Chukudu imekubali 10 kwa safari moja, kesho saa 12 za asubui tunatoka.