Ugonjwa wa mwanangu ni laana ya ukoo? Naomba maandiko

MamaG_Vwawa
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mwanangu ana miaka minne na ana selimundu, yaani sikoseli, ule ugonjwa wa damu. Mama yangu mzazi siku hizi anasali kwenye huduma moja mpya hapa mjini. Mchungaji wa pale amemwambia mtoto anaumwa kwa dhambi ya babu wa upande wa mume wangu, aliyekuwa mganga. Ati kuna madhabahu ya ukoo inadai damu. Ili ifungwe inatakiwa sadaka ya laki tatu na nusu, halafu tuache dawa, maana kumeza dawa baada ya maombezi ni kumkana Mungu. Mama ameshatafuta mteja wa mahindi yake, anauza yote.

Aya anayoishikilia ni Kutoka 20:5, "nawapatiliza wana maovu ya baba zao, hata kizazi cha tatu na cha nne". Nimefungua, kweli imo. Nikibisha naambiwa nina roho ya ukaidi. Dawa siachi, lakini Mama sitaki kumvunjia heshima. Hili linajibiwaje kwa maandiko?

MzeeMakete
Binti yangu, mimi ni mwinjilisti mstaafu, na wastaafu tuna maneno mengi. Nivumilie.

Huyo mchungaji kakata mstari katikati. Unaendelea: "cha wanichukiao". Mtoto wa miaka minne anamchukia Mungu kwa lipi? Na mstari wa 6, ambao nadhani Mama hakusomewa, unasema "nami nawarehemu maelfu elfu wanipendao". Adhabu vizazi vitatu, vinne, rehema maelfu. Anayesoma ule wa kwanza akafunga kitabu kabla ya wa pili ana sababu yake, na kwa hesabu yako sababu hiyo ni laki tatu na nusu.

Sasa nenda Ezekieli 18. Watu wa Yuda wamehamishwa Babeli, Ezekieli mwenyewe yuko nao huko kando ya mto Kebari. Wamechoka, wana uchungu, na wana msemo wao: "Baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi." Yaani wazee walikosa, sisi tunalipa. Mungu akawapiga marufuku wasiutumie tena katika Israeli. Kisha inakuja kesi baada ya kesi, kama baraza la ardhi: baba mwenye haki akazaa mnyang'anyi, mnyang'anyi naye akazaa mwana aliyeyaona makosa ya baba yake asiyafuate. Kila mmoja anahukumiwa kwa lake. "Mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Iko wazi kiasi hicho.

Wala usidhani sura hiyo ni laini. Ina onyo kali: hakuna kujificha nyuma ya babu, atendaye dhambi ndiye atakayekufa. Lakini mwisho wake Mungu anasihi, "ghairini, mkaishi". Hakuna ada iliyotajwa.

Jeshi_la_Yuda
Mzee, shikamoo. Na Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, je? 2 Wafalme 5:27, ukoma "utakushika wewe, na wazao wako hata milele". Wazao hao walikosa nini? Laana zipo, tusiwe wepesi wa kuwasema watumishi wa Mungu.

Nesi_Kyela
Maandiko nawaachia wenye nayo. Mimi nasema hivi: dada, foliki asidi na penisilini usiache hata siku moja. Mtoto akipata homa, tumbo likivimba upande wa kushoto au akipauka ghafla, usingoje kukuche, nenda hospitali. Selimundu kweli inarithiwa, lakini toka kwa wazazi wote wawili, wewe na baba yake, na wote mnaweza kuwa wazima kabisa. Kwa hiyo hadithi ya babu wa upande mmoja hata kwa urithi wa kawaida haisimami.

Na huyo anayesema tusiwaseme watumishi, kule Shakahola, Kenya, mwaka 2023 waumini waliambiwa na mchungaji wao wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, watoto wakiwemo.

MzeeMakete
Marahaba, Jeshi. Swali zuri, na nashukuru umelileta wewe na si mimi.

Rudi nyuma mistari michache. Naamani, jemadari wa Shamu, amepona ukoma, amekuja na talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi. Anamsihi Elisha apokee zawadi. Elisha anaapa: sipokei kitu. Mgeni anaondoka na uponyaji wa bure. Hapo ndipo Gehazi anapomkimbilia barabarani na hadithi ya kutunga, ati wamefika vijana wawili wa manabii, bwana wangu anaomba talanta na mavazi. Akapewa talanta mbili, akazificha nyumbani, akarudi na kusema hakwenda popote.

Kosa lililomletea ukoma ni kutoza fedha kwa rehema ambayo Mungu aliitoa bure, tena kwa kusingizia mahitaji ya huduma. Sasa wewe ndugu yangu unataka kumtumia Gehazi kumtetea nani hapa?

Hao wazao wake nakubali ni mstari mgumu. Lakini aliyetamka hukumu ile ni Elisha, na hakumwambia mtu yeyote alete fedha aifute.

Jeshi_la_Yuda
Hapo kwenye fedha nakubali. La laana bado tuna mazungumzo.

MamaG_Vwawa
Asanteni sana, na nesi Mungu akubariki. Mzee, shikamoo. Mama nimwanzeje? Akisikia "mwalimu wa uongo" atanuna mwezi mzima.

MzeeMakete
Marahaba, mwanangu. Neno hilo usilitamke. Yuda, katika waraka wake, anawachapa vibaya hao walimu, "mawingu yasiyo na maji", lakini akifika kwa waliodanganywa anabadili sauti: "wahurumieni wengine walio na shaka". Mama yako ni bibi anayemhofia mjukuu. Mwombe akusomee 2 Wafalme 5 yote, asome yeye, usimkatize. Kisha muulize swali moja: mchungaji anaweza kumwombea mtoto bila ile laki tatu na nusu? Aende akamuulize mwenyewe.

Halafu hayo mahindi, hata asipokubali lolote, mwambie asiuze sasa. Bei ya msimu wa mavuno ni ya kumpa mlanguzi zawadi. Angoje hata Desemba.