Lon Chaney: ni vipodozi tu?

Mtazamaji wa Usiku
Habari zenu wakuu. Jana nimeangalia The Phantom of the Opera ya 1925, ile filamu bubu. Pale binti anapomnyemelea jamaa akiwa kwenye kinanda na kumvua barakoa, moyo ulinipasuka paa! Sasa kila ninaposoma habari za Lon Chaney, mwigizaji wa jamaa huyo, naambiwa "mtu mwenye sura elfu", kisha hadithi ni vipodozi mwanzo mwisho. Hivi ni vipodozi tu? Mbona wengine wa enzi zile walijipaka vilevile na hawanigusi?

Reli ya Zamani
Usivipuuze, mkuu. Alijitengeneza sura mwenyewe, na alijitesa. Kwenye The Penalty ya 1920, akiigiza jambazi aliyekatwa miguu, alikunja miguu yake nyuma, akaifunga kwa mikanda na kutembelea magoti. Hakuweza kuvumilia muda mrefu kabla ya kufunguliwa. Kisanduku chake cha vipodozi kimehifadhiwa makumbusho huko Los Angeles.

Mtoto wa Viziwi
Mtazamaji, irudie, ila safari hii uache uso, ufuate mikono na mabega.

Baba na mama yangu ni viziwi. Chaney naye alizaliwa na wazazi viziwi, Colorado Springs, Marekani, 1883, na babu yake mzaa mama ndiye aliyeanzisha shule ya viziwi Colorado. Mama yake aliposhikwa na baridi yabisi akawa wa kulala kitandani, Lon aliacha shule angali mdogo ili amuuguze. Akitoka nje, akirudi anamwigizia mama yote aliyoyaona huko.

Hili nalijua mwilini mwangu. Nikimsimulia mama watu wawili waliogombana, kusema "waligombana" hakutoshi. Nageuza bega kushoto, nakuwa yule mwenye hasira. Nageuza kulia, nakuwa yule anayejitetea, macho chini. Bega likichelewa, mama anakunja nyusi: sasa anayesema ni nani? Narudia. Ukilelewa hivyo, kila kidole kinajifunza kubeba maana yake. Ndiyo maana Chaney akimnyooshea binti kidole baada ya barakoa kuvuliwa, mimi sihitaji maandishi ya kwenye skrini.

Kwangu mimi, vipodozi vilikuwa nguo. Mwigizaji alilelewa kando ya kitanda cha mama.

Mtazamaji wa Usiku
Nimekuelewa ndugu yangu, asante sana. Na sauti ilipoingia kwenye sinema, alifanyaje?

Mtoto wa Viziwi
Alisitasita. Filamu yake ya sauti ni moja tu, The Unholy Three ya 1930, aliyokuwa ameshaicheza bubu mwaka 1925. Humo anasema kwa sauti yake, ya bibi kizee, ya mwanasesere, hata ya kasuku, na alitia sahihi kiapo kwamba zote ni zake. Kwa hiyo sauti alikuwa nayo tele, na wanaosema angeshindwa na zama mpya hawajaisikia.

Filamu ilitoka Julai. Tarehe 26 Agosti alifariki, ana miaka 47, saratani imemla. Siku zake za mwisho sauti ilikatika kabisa, akawa anaongea na waliomzunguka kwa alama za mikono, zilezile za nyumbani kwao.