Mrejesho: programu ya likelemba yetu, Kadutu

Wapendwa, niliwauliza jinsi ya kutengeneza programu ambamo wamama wa likelemba yetu (kikundi cha kuchangishana pesa kwa zamu) hapa Kadutu, mjini Bukavu, wataamua pamoja bila wenye sauti kubwa kuwafunika wengine. Mlisema nifiche kura hadi muda uishe. Nimefanya, na sasa hakuna anayemsubiri rais wa kikundi aseme kwanza.

Nilifuata pia Loomio, programu ya kuamua pamoja iliyoanzia Wellington, New Zealand, mwaka 2012: unakubali, unajizuia (huchagui upande), unapinga, au unazuia kabisa. Anayezuia kwetu lazima atoe sababu. Muuza sambaza (samaki wadogo) mmoja alizuia tarehe ya mchango: mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa ziwa Kivu hawapati kitu, naye hukosa cha kuuza. Miaka yote hiyo hatukumsikia! Tarehe tumeisogeza.

Wasio na simu za kisasa bado wanamwambia katibu kura yao, kwa hiyo siri inavuja. Hapo naomba msaada tena. Aksanti sana.