HUYU "MTAALAMU" WA PROSESA KAFUTIA KIATU KARATASI YANGU. LEO SILALI!

Fundi_Mlingoti:
Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, mnivumilie. Bado nipo chumba cha mitambo.

Simtaji, mnamjua wote. Yule wa miwani ya jua hadi usiku, aliyezunguka stesheni zote za FM mjini "akipandisha sauti" mpaka kila redio inapiga kelele moja. Leo mabosi wamemleta kwangu, masafa ya kati, yaani AM.

Kaingia, hata mlinzi hakumsalimia. Kaikuta karatasi niliyobandika ubavuni mwa prosesa, ile mashine inayopanga sauti kabla haijaingia mtamboni, ina viwango vyote: wimbi lishuke mwisho asilimia 98, lipande mwisho 120, besi ikatwe kuanzia hezi 80 kushuka, kichujio kikate sauti nyembamba zinazozidi kilohezi 4.5. Juu kwa wino mwekundu: USIGUSE. Kaibandua. Kaisoma kwa sauti mbele ya vijana wa fildi, huku anacheka. Kaichana. Halafu, wakuu, kipande kilichobaki mkononi kafutia kiatu. KIATU!

Nikamuuliza, kijana, unafanya nini? Ananijibu: "Mzee, sauti ni sauti tu. AM na FM tofauti yake antena."

Sauti ni sauti tu! Huku kwetu sauti ndiyo inayopandisha na kushusha nguvu ya wimbi lenyewe. Ukishuka asilimia 100 wimbi limefika sifuri, hakuna tena pa kushukia. Ukilazimisha linakatika, na kila likikatika linatema uchafu kwa stesheni jirani iliyo kilohezi 9 pembeni. Nafasi ipo juu. Wamarekani sheria yao inawaruhusu hadi 125 juu, lakini kwenda chini hata wao mwisho wao 100. Sasa yeye kageuza nyaya mbili zinazoingia mtamboni, eti haijalishi ipi iende wapi. Vilele vyote vya sauti vilivyopaswa kwenda juu vikageuka kuelekea chini!

Besi kaijaza mpaka ukuta unatetemeka. Msikilizaji wetu ana redio ya betri mbili yenye spika ndogo kama kisoda, hiyo besi ataisikilizia wapi? Inakula nafasi ya maneno bure. Kichujio kakifungua hadi kilohezi 15, wakati redio nyingi za masafa ya kati hata kilohezi 4 hazifiki. Yaliyobaki yote anawamwagia majirani. Na usiku ndio balaa, mawimbi yanagonga anga ya juu na kuangukia nchi za watu.

Taarifa ya habari imeanza, msomaji kakohoa kidogo, mtambo ukajizima kujilinda. Ukawashwa, kasema "Rais", ukajizima tena! Simu zikamiminika, mama mmoja anauliza kama nchi imepinduliwa.

Na kiatu kafutia karatasi yangu. Viwango vile nilivitafuta usiku kwa usiku, jicho kwenye osiloskopu, kile kioo kinachochora wimbi, sikio kwenye redio ya mlinzi, maana ndiyo redio waliyonayo wananchi. Kafutia kiatu!

Huyu mtu analetwa na nani?

Kisoda:
Maelezo yote hayo mkuu, na hujasema kiatu kilikuwa rangi gani.

Mama_Wawili:
Nimeishia kwenye "kilohezi". Ila cha kiatu kimeniuma kweli, pole baba.

Waya_Mfu:
Namjua huyo! Kwetu alichomoa rotata ya fezi, eti inaharibu sauti. Sauti ya binadamu inaelemea upande mmoja, ile ndiyo inayoisawazisha kabla haijafika kwenye limita, kile kinachozuia sauti isizidi kiwango. Mtangazaji wetu mwenye sauti nzito akawa hasikiki hata getini. Na alipoondoka akaondoka na koleo langu. Koleo la Kijerumani!

Kisoda:
Kijerumani ya Kariakoo hiyo 😂

Fundi_Mlingoti:
Wakuu tusitoke kwenye mada. Kafutia KIATU.

Dogo_Janja_wa_Data:
Mzee, AM nani anasikiliza siku hizi? Wekeni intaneti.

Mkulima_wa_Bondeni:
Wewe dogo, njoo huku kwetu. Milima imeziba, FM haipiti, bando ndiyo kabisa. Hiyo hiyo AM ndiyo inatupa bei ya mahindi. Hasira zangu mimi ni juzi, dakika ya 88, penalti imetengwa, redio ikanyamaza. Mpaka leo sijui kama iliingia!

Mama_Wawili:
Iliingia.

Mkulima_wa_Bondeni:
Asante dada. Mungu akubariki.

Kisoda:
Ikiwa hewani nayo kuna nini? Goli limefungwa, mtangazaji anasoma tangazo la magodoro. Mpaka amalize, timu zimerudi kati.

Bwana_Salamu:
Bora magodoro. Wetu kila kona inayopigwa anawasalimia mashemeji zake wa Singida mmoja mmoja. Ukoo wote naujua, wachezaji siwajui.

Fundi_Mlingoti:
Jamani! KIATU!

Dogo_Janja_wa_Data:
Waya_Mfu, koleo ninalo moja hapa, kuukuu lakini zima. Nicheki inboksi.

Waya_Mfu:
Mpini wake mwekundu?

Dogo_Janja_wa_Data:
Ndiyo, umejuaje?

Waya_Mfu:
ULILINUNUA KWA NANI WEWE?