Laini ya ofisi nimekaa nayo miaka sita, sasa wanaitaka

Binti Korogwe:
Wakuu, habari za jioni. Niko mauzo kwenye kampuni moja ya mabati hapa Dar, mkataba unaisha tarehe 30. Jana wameniambia nikabidhi laptopu, kitambulisho na laini. Laptopu waichukue tu, betri ilishakufa. Laini ndiyo inaninyima usingizi. Nilipoanza kazi niliona simu mbili ni usumbufu, nikaifanya namba ya kila kitu: benki, WhatsApp, shule ya mtoto. Mama yangu kaiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, juu ya mafiga, maana kusevu namba hajui. Nimesikia kuna kutuma neno HAMA. Itanisaidia?

Kaka Laini:
Haikusaidii. HAMA kwenda 15080 ni ya kuhama mtandao huku ukibaki na namba yako, ipo tangu 2017. Haibadilishi mwenye laini. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Kama haimo, dada, hiyo ni mali yao.

Mzee wa Chai:
Yalinikuta. Nilikabidhi laini Ijumaa. Jumatatu nataka kuingia kwenye akaunti ya benki, ile namba ya uthibitisho inaenda kwa kijana aliyerithi meza yangu. Ikabidi nimpigie anisomee tarakimu sita, namsikia kabisa anatafuna andazi. Bahati yangu alikuwa muungwana. Wewe nenda tawini mapema ubadilishe namba, hela za kwenye simu zitoe zote. WhatsApp usiifute: ingia mipangilio, akaunti, badili namba. Magrupu yote unahama nayo.

Mama Utawala:
Mimi ndiye ninayekusanya hizo laini ofisini kwetu, kwa hiyo msinipige mawe. Omba kwa barua, na uombe kabla hujasaini fomu ya makabidhiano. Dereva au mhudumu tunamwachia bila maneno mengi. Mtu wa mauzo ni shughuli, wateja wote wanapiga hapo, na kesho uko kwa mshindani. Wakikubali, wakupe barua yenye mhuri, mwende na mwakilishi wao duka la mtandao, usajiliwe upya kwa alama za vidole. Bila hivyo, hata wakikuachia kadi mkononi, siku wakitaka wanaifunga.

Binti Korogwe:
Asanteni. Nimepiga *106#, zimekuja mbili na hiyo haimo. Barua nimepeleka leo. Bosi kaisoma mara mbili, kavua miwani, kauliza: "Na yule mteja wetu wa Buguruni atapiga wapi?" Nikakosa jibu. Kasema nisubiri. Benki nimeshabadilisha, shule pia. Jumamosi napanda basi kwenda kwa mama, mkaa upo hukohuko jikoni.